Mdomo wa Kiswahili, Kalamu ya Kiingereza: Lugha na Mageuzi ya Utumishi wa Umma nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanaeleza mageuzi makuu yaliyofanywa katika utumishi wa umma nchini Kenya tangu mwaka 1993, na kuyatazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Hoja yake ni kwamba mageuzi hayo yamegusa idadi ya watumishi, kipimo cha kazi yao, mahali pa ofisi na hata mlango wa kuingilia, ila hayajaigusa vya kutosha kalamu ya serikali. Mwananchi huzungumziwa kwa Kiswahili lakini huandikiwa kwa Kiingereza. Maadamu haki yake hukaa katika kile kilichoandikwa, sehemu kubwa ya manufaa ya mageuzi humpita. Makala yanapendekeza pia kazi ambayo wataalamu wa Kiswahili wanaweza kuifanya ili kuziba pengo hilo.

Utangulizi

Mlangoni mwa ofisi nyingi za umma nchini Kenya huwekwa ubao mkubwa unaoorodhesha huduma zinazotolewa mahali hapo. Ubao huo una safu kadhaa: huduma yenyewe, mambo ambayo mwananchi anatakiwa kutimiza, malipo, na muda wa kusubiri. Hiyo ndiyo hati ya huduma, yaani ahadi ya maandishi ambayo ofisi humwekea mwananchi. Aghalabu ubao huandikwa kwa Kiingereza kutoka juu hadi chini, isipokuwa sentensi moja iliyotiwa mwishoni kwa herufi kubwa: Huduma Bora ni Haki Yako. Kwa hivyo, mwananchi asiyejua Kiingereza huambiwa kwa lugha anayoielewa kwamba ana haki. Haki yenyewe ni ipi, inagharimu kiasi gani na itamfikia lini, hayo huelezwa kwa lugha asiyoielewa.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, hasa kwa wale wanaolichukulia suala la lugha kuwa pambo la mwisho baada ya kazi kubwa kukamilika. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Mageuzi ya utumishi wa umma yana nguzo tatu: muundo, yaani nani ana mamlaka gani, utaratibu, yaani kazi inafanywa kwa hatua zipi na kupimwa vipi, na mawasiliano, yaani mwananchi anajuaje anachostahili na anamdaije yule anayemnyima. Nguzo mbili za kwanza zimeshughulikiwa mara nyingi nchini Kenya. Ya tatu imeachwa ijisimamie yenyewe.

Urithi wa serikali ya amri

Ili kuelewa kilichohitaji kugeuzwa, inafaa tuanze na kilichorithiwa. Serikali ya kikoloni haikuundwa ili itoe huduma kwa Waafrika. Iliundwa ili ikusanye kodi, ipate vibarua na kudumisha utulivu. Sheria ya mwaka 1902 kuhusu viongozi wa vijiji iliwapa mamlaka watu walioteuliwa na serikali, na kutokana na msingi huo cheo cha chifu kikakua. Amri ilitoka kwa gavana, ikapitia kwa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, ikamfikia chifu, naye akaitangaza barazani.

Katika ngazi hiyo ya mamlaka Kiswahili kilipewa kazi maalumu. Kilikuwa lugha ya kuteremshia amri. Maafisa wa Kiingereza walitakiwa kufanya mitihani ya Kiswahili ili waweze kuamuru, kuhoji na kusikiliza mashauri. Hawakutakiwa kuandika kumbukumbu za serikali kuu kwa lugha hiyo. Faili, barua za maafisa na sheria zilibaki katika Kiingereza. Mgawanyo huu wa kazi baina ya lugha mbili ndio tunaouita hapa mdomo wa Kiswahili na kalamu ya Kiingereza.

Uhuru wa mwaka 1963 ulibadilisha watu waliokalia viti, lakini viti vyenyewe vilibaki vilivyokuwa. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa, iliyochunguza utumishi wa umma, ilipendekeza watumishi wa serikali waruhusiwe kufanya biashara zao wenyewe, hatua ambayo imelaumiwa na wengi kwa kuchanganya maslahi ya ofisi na ya mfukoni. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo ya mashambani. Wilaya zikapewa kamati za kupanga miradi, ingawa mkuu wa wilaya, mwakilishi wa Rais, ndiye aliyezisimamia.

Mfano ulio wazi kabisa wa mdomo na kalamu ulitokea Bungeni. Mnamo mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya mijadala ya Bunge. Wabunge wakaanza kuzungumza Kiswahili, lakini miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge alishika mkononi karatasi ya Kiingereza na kuijadili kwa Kiswahili. Miaka michache baadaye utaratibu ukabadilishwa ili mbunge aweze kuchagua lugha. Amri ya 1974 ilikuwa na uzito wa kizalendo, ila iliugusa mdomo peke yake.

Mzaha wa mitaani huligawa neno serikali kuwa siri kali. Wanaisimu wanajua kwamba asili ya neno hilo ni Kiajemi na halina uhusiano wowote na siri. Hata hivyo, mzaha haudumu kwa miaka mingi bila sababu. Watu walioutunga walikuwa wakieleza hali waliyoiona: chombo kinachowaamuru kwa sauti kubwa na kuandika kwa lugha iliyofungwa.

Mageuzi ya kupunguza na kupima

Mageuzi ya kwanza makubwa ya enzi ya sasa yalianza mwaka 1993, wakati Kenya ilipokuwa chini ya shinikizo la wafadhili na mzigo mzito wa mishahara. Lengo kuu lilikuwa kupunguza. Watumishi wa vyeo vya chini walishawishiwa wastaafu mapema kwa hiari na kulipwa kiinua mgongo, na makumi ya maelfu wakaondoka. Mantiki yake ilikuwa kwamba serikali ndogo ingetumia fedha vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba kupunguza watu hakubadilishi kazi inavyofanywa. Foleni iliyohudumiwa na makarani watatu ikihudumiwa na mmoja kwa utaratibu uleule, kinachopungua ni mishahara, kungoja hakupungui.

Awamu ya pili ilihama kutoka kupunguza hadi kupima. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, serikali mpya ilipitisha mwaka 2003 sheria ya maadili ya maafisa wa umma pamoja na sheria ya kupambana na ufisadi na uhalifu wa kiuchumi. Mwaka 2004 ukaanzishwa mfumo wa kusimamia kazi kwa kuzingatia matokeo, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo mashirika 16 ya umma yakatia saini mikataba ya utendaji. Katika mfumo huu, taasisi huahidi mwanzoni mwa mwaka wa fedha kutimiza malengo yanayoweza kuhesabika, kila lengo hupewa uzito wake, na mwishoni mwa mwaka watathmini hulinganisha ahadi na matokeo. Mwaka 2007 Kenya ilitunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma kwa sababu ya mikataba hiyo.

Hati ya huduma tuliyoitaja katika utangulizi iliota mizizi katika mfumo huu. Kuwa na hati na kuiweka mahali inapoonekana vilifanywa sehemu ya mambo yanayopimwa, na miongozo ya mikataba ya utendaji imewahi kuzitaka taasisi zibandike hati kwa Kiingereza na Kiswahili. Agizo lilikuwepo, basi. Lakini taasisi inayotafuta alama huuliza kama hati ipo, na ikiwa ipo huweka alama ya ndiyo. Kama mwananchi aliyesimama mbele ya ubao ameelewa ahadi aliyopewa, hilo ni swali jingine ambalo fomu ya tathmini hailiulizi kwa urahisi.

Katiba ya 2010 na ugatuzi

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilifanya mageuzi ya muundo ambayo hayakuwahi kuonekana tangu uhuru. Mikoa minane ilikoma kuwa ngazi ya utawala iliyotambuliwa na Katiba, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 serikali 47 za kaunti zikaanza kazi, kila moja ikiwa na gavana na bunge lake. Jedwali la Nne liligawa majukumu: vituo vya afya vya kaunti, kilimo, elimu ya chekechea na barabara za kaunti yalikwenda mashinani. Kifungu cha 203 kiliagiza kwamba kaunti zipewe mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Kwa upande wa utumishi wenyewe, Kifungu cha 232 kinataja maadili yanayopaswa kuuongoza: matumizi bora ya rasilimali, huduma za haraka na zisizo na upendeleo, kuwashirikisha watu katika kutunga sera, uwajibikaji, na kuwapa wananchi habari sahihi kwa wakati ufaao. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 47 kinampa haki ya kutendewa kwa haki na maafisa, pamoja na kupewa sababu kwa maandishi endapo uamuzi unamwathiri vibaya. Mwaka 2011 iliundwa tume ya kusimamia haki katika utawala, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma.

Kuhusu lugha, Kifungu cha 7 kilikipandisha Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, juu ya hadhi yake ya lugha ya taifa. Wapenzi wa Kiswahili walishangilia, na walistahili kushangilia. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 259, inasema kwamba matoleo yake ya lugha tofauti yakipingana, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Kalamu ikabaki palepale.

Athari zake zinaonekana katika ushirikishwaji wa umma, ambao ndio moyo wa ugatuzi. Kaunti huitisha mikutano ya kukusanya maoni kuhusu bajeti na mipango ya maendeleo ya miaka mitano. Mikutano hiyo huendeshwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya eneo. Vitabu vya bajeti vinavyojadiliwa kwa kawaida huwa vya Kiingereza, tena kile kizito cha wahasibu. Mwananchi hutoa maoni juu ya kitabu ambacho hakukisoma, akitegemea muhtasari wa afisa aliyekiandaa. Hapo anayeulizwa maoni hawezi kumsahihisha anayemuuliza.

Mwaka 2024 ulituonyesha upande wa pili wa jambo hili. Mswada wa Fedha wa mwaka huo uliandikwa, kama ilivyo desturi, kwa Kiingereza cha kisheria. Vijana waliuchukua, wakaufafanua kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha nyingine za Kenya, wakausambaza kwa simu. Watu waliokuwa hawajawahi kusoma mswada wakajua kodi ipi ingepanda na kwa nini. Maandamano ya tarehe 25 Juni 2024 yalifika hadi Bungeni na watu wakauawa. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hangeutia saini mswada huo. Sababu za maandamano zilikuwa nyingi, wala si haki kuzipunguza ziwe suala la lugha tu. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha hawezi kukosa kuona kwamba vijana hao walifanya kazi iliyokuwa ya serikali: kumweleza mwananchi, kabla ya uamuzi, na kwa lugha yake, kile kinachokusudiwa kufanywa kwa fedha zake.

Dirisha moja na mtandao

Mnamo tarehe 7 Novemba 2013 ulizinduliwa mpango wa Huduma Kenya. Wazo lake lilikuwa jepesi na zuri. Badala ya mwananchi kuzunguka kutoka ofisi hadi ofisi, huduma za idara mbalimbali ziliwekwa chini ya paa moja, mara nyingi katika majengo ya posta. Mtu aliyepoteza kitambulisho, anayetafuta cheti cha kuzaliwa, au mwanafunzi anayeshughulikia mkopo wa chuo kikuu angepata kaunta zote mahali pamoja, kwa foleni ya nambari. Vituo hivyo vilienea katika kaunti zote 47, na mwaka 2015 mpango ukapata tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Sambamba na vituo hivyo, huduma zilihamia mtandaoni kupitia mfumo wa eCitizen, ulioanza mwaka 2014. Kufikia katikati ya mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba zaidi ya huduma 5,000 zilikuwa zimeingizwa humo. Fedha zinazolipwa kwa simu huacha alama, na karani hana nafasi kubwa ya kuomba chai.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wataalamu wa mifumo hawakulitazama sana. Katika ofisi ya zamani, fomu ya Kiingereza ilikuwa na mkalimani wake, naye ni karani. Mwananchi aliuliza, "Hapa naandika nini?" na karani akamjibu kwa Kiswahili. Mdomo uliifidia kalamu. Huduma ilipohamia katika mashine, mdomo uliondoka na kalamu ikabaki peke yake. Kazi ya ukalimani ikamwangukia mwenye duka la intaneti, ambaye hujaza fomu kwa niaba ya mteja na kutoza ada. Kwa hivyo mtu asiyejua Kiingereza hulipia huduma mara mbili, na zaidi ya hayo humkabidhi mtu asiyemjua nambari yake ya kitambulisho na neno lake la siri. Mageuzi yaliyokusudiwa kumwondoa mtu wa kati yamemzaa mtu wa kati mwingine.

Haki hukaa katika maandishi

Msomaji anaweza kuuliza: kama karani na afisa huzungumza Kiswahili, shida iko wapi? Shida ni kwamba neno la mdomo halidaiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni mali. Mwananchi aliyeambiwa kwa mdomo aje baada ya juma moja hana cha kuonyesha juma hilo likipita. Mwananchi anayeweza kusoma ubaoni kwamba huduma hii ni ya siku tano na haina malipo anacho cha kuonyesha siku ya sita.

Hapa ndipo lugha inapokutana na ufisadi. Kitu kidogo hustawi pale ambapo mnunuzi hajui bei. Anayejua kwamba fomu hutolewa bure hawezi kuuziwa fomu kwa urahisi. Bila shaka kuna wanaojua na bado wakalazimishwa, na ubao wa Kiswahili hautaleta dawa katika zahanati isiyo na dawa. Lakini ujuzi wa bei na muda ni silaha ya gharama ndogo, na ni ajabu kuificha silaha hiyo katika lugha ya wachache wakati walengwa ni wengi.

Sheria zimeanza kulitambua hili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu mwombaji kuandika ombi lake kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kumtaka afisa amjibu katika muda wa siku 21. Katiba nayo, katika Kifungu cha 49, inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na katika Kifungu cha 50 mshtakiwa anapewa mkalimani bila malipo. Tukizilinganisha haki hizi tunapata picha ya kushangaza: anayeshtakiwa kwa kosa ana haki ya lugha iliyo bayana zaidi kuliko anayeomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake.

Sarufi ya uwajibikaji

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kutafsiri tu. Kutafsiri ni mwanzo mzuri, ila hakutoshi, na sababu yake iko katika sarufi tunayoisoma darasani. Tazama sentensi tatu zifuatazo:

(a) Karani amepoteza faili lako.
(b) Faili lako limepotezwa.
(c) Faili lako halionekani.

Katika (a) mtenda yupo na anajulikana. Katika (b) mtenda amefichwa, lakini kauli ya kutendwa imemwachia nafasi. Twaweza kuuliza limepotezwa na nani. Katika (c) nafasi hiyo haipo. Kauli ya kutendeka haimkaribishi mtenda hata kwa swali. Faili limejiondokea lenyewe, kana kwamba lina miguu. Kila aliyewahi kusimama mbele ya kaunta anaifahamu kauli hii: mtandao haupatikani, pesa hazijaonekana, mashine imeharibika.

Maandishi ya kiofisi ya Kiingereza yana mazoea ya namna hiyohiyo, nayo yakitafsiriwa neno kwa neno hutupatia sentensi kama hii: "Maombi yatashughulikiwa pindi mahitaji yote yatakapotimizwa." Ni Kiswahili sanifu kisicho na kosa la upatanisho, lakini hakimwahidi mtu chochote. Nani atashughulikia? Kwa muda gani? Mahitaji yepi? Linganisha na hii: "Leta kitambulisho chako na hati ya hospitali. Afisa wa usajili atakupa jibu kabla ya siku tano za kazi kupita. Asipokujibu, mwone msimamizi wake katika chumba cha pili." Sentensi hizi ni za mfano tu, lakini zinaonyesha tofauti. Zina nafsi, zina kitenzi cha kutenda, zina muda, na zina mahali pa kulalamikia. Ahadi ya aina hii haizaliwi na tafsiri ya mwisho wa kazi. Huzaliwa pale ambapo mwandishi anakaa na afisa na kumlazimisha aseme ni nani atafanya nini. Kwa maana hiyo, kuandika upya kwa Kiswahili ni njia ya kukagua utaratibu wenyewe: penye kitenzi kisicho na mtenda, aghalabu pana kazi isiyo na mwenyewe.

Funzo kutoka Tanzania

Jirani zetu wa Tanzania walichukua njia tofauti. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Kiswahili kilitiliwa mkazo katika shughuli za serikali, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria. Mageuzi ya utumishi wa umma yalipokuja, yalikuta lugha tayari kazini. Kile tunachokiita hati ya huduma wao hukiita Mkataba wa Huduma kwa Mteja, na jina hilo halikuhitaji kufafanuliwa na mtu. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini ni jina la ofisi ya serikali, wala si zoezi la istilahi.

Funzo la Tanzania lina pande mbili, hata hivyo. Huko nako sheria ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi ilhali Bunge likijadili kwa Kiswahili, hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Aidha, Kiswahili cha ofisi peke yake hakikuzuia urasimu wala rushwa. Mwananchi anaweza kucheleweshwa kwa lugha yake mwenyewe. Tofauti ni kwamba anajua amecheleweshwa katika jambo gani, na anaweza kulalamika kwa maneno yaleyale aliyoahidiwa.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba kuandika kwa lugha mbili kunahitaji fedha. Lakini gharama ya maandishi yasiyoeleweka hailipwi na hazina. Hulipwa na mwananchi kwa nauli za kurudi mara tatu, kwa ada za mtu wa kati na kwa siku za kazi alizopoteza. Kutoiona gharama katika vitabu vya serikali hakuifuti.

Pingamizi la pili ni istilahi. Hili limejibiwa na matumizi. Maneno kama ugatuzi, kaunti, mswada, ukaguzi na uwajibikaji yanatumiwa kila siku redioni na magazetini, tena na watu ambao hawakuyasomea.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: Wakenya wote hawakijui Kiswahili kwa kiwango kimoja. Bibi wa Turkana au wa Wajir anaweza kukiona Kiswahili cha ofisi kuwa kigeni kama Kiingereza. Pingamizi hili ni la haki, na Kifungu cha 7 chenyewe kinaitaka serikali iziendeleze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Hoja yetu si kwamba Kiswahili kizimeze hizo. Hoja ni kwamba serikali isiyoweza kuandika kwa lugha yake rasmi iliyo pana zaidi haitaweza kuzifikia zile zilizo finyu.

Mapendekezo

Kwanza, hati za huduma, fomu za kimsingi na kurasa za huduma za mtandaoni ziandikwe kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, sambamba na Kiingereza, na ubora wake uwe na alama zake katika mikataba ya utendaji. Kipimo kisiwe kuwepo kwa ubao bali kueleweka kwake: wananchi kadhaa waombwe wausome na waeleze watafanya nini baadaye.

Pili, barua ya uamuzi ijibu kwa lugha iliyotumiwa na mwombaji. Sababu zilizoandikwa, ambazo Kifungu cha 47 kinazidai, si sababu kwa asiyeweza kuzisoma.

Tatu, kila kaunti iajiri wahariri na wafasiri wa Kiswahili na kutoa muhtasari wa bajeti kwa lugha hiyo kabla ya mikutano ya maoni, wala si siku yenyewe. Mnamo Agosti 2018 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa baraza la Kiswahili nchini Kenya. Chombo cha namna hiyo kitakuwa na maana kikihesabu fomu na hati miongoni mwa kazi zake, pamoja na kamusi na makongamano.

Nne, idara zetu za Kiswahili ziuchukue uandishi wa umma kuwa somo. Tumezoea kumfunza mwanafunzi kuchambua riwaya na kuhakiki ushairi, jambo jema lisilofaa kuachwa. Lakini ni wachache wanaohitimu wakiwa wamewahi kuandika fomu ya maombi, notisi ya zahanati au maelezo ya kodi na kuyapeleka sokoni yakasomwe na mtu asiyewajua. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuanza bila kungoja agizo: chukueni hati moja ya huduma ya ofisi iliyo karibu na chuo, iandikeni upya kwa Kiswahili chenye watenda na muda, kisha mpelekeeni mkuu wa ofisi hiyo.

Hitimisho

Tangu mwaka 1993 Kenya imepunguza watumishi, ikawapima, ikagatua mamlaka yao na kuweka huduma zao chini ya paa moja na ndani ya simu. Kila hatua ilikuwa na sababu yake na kila moja ina manufaa yasiyopingika. Kilichosalia ni hatua isiyohitaji jengo wala mtambo mpya. Inahitaji uamuzi kwamba mwananchi anayehutubiwa kwa Kiswahili wakati wa kuombwa kura aandikiwe kwa Kiswahili wakati wa kupewa haki, na inahitaji watu wanaojua kuandika Kiswahili hicho. Uamuzi ni wa serikali. Watu hao wamo katika vyumba vyetu vya mihadhara, na kazi yao ya kwanza imebandikwa mlangoni mwa ofisi iliyo jirani.